Soma Mfuko Kwanza

Jina la Bertilla lilikuwa chini kabisa kwenye runinga, na hii ilikuwa wiki ya tatu.

Runinga yenyewe ilitundikwa ukutani juu ya mlango wa ofisi ya ghala, mahali ambapo zamani palikuwa na kalenda ya parokia. Haikuonyesha habari wala mpira. Ilionyesha majina kumi na mawili ya wakusanyaji wa oda, na mbele ya kila jina idadi ya mistari ambayo mtu huyo amekusanya kwa saa moja. Mstari ni bidhaa ya aina moja ya duka moja. Mifuko mitano ya mbegu ya duka la Namanyere, huo ni mstari. Katoni mbili za sabuni za duka la Mwimbi, huo mwingine. Meshack, kijana wa Chanji mwenye miguu mirefu kama korongo, alikuwa juu kabisa na themanini na mbili. Bertilla alikuwa na thelathini na nane.

"Mama Lydia!" Meshack alimwita akipita mbio na toroli lake. "Leo tena umetushikia mkia? Usiuachie, ng'ombe atapotea!"

"Mkia ndio unaofukuza nzi, mwanangu," Bertilla alimjibu bila kuinua macho. "Wewe pembe endelea kugonga kuta."

Safu nzima ilicheka, na Meshack akacheka kuliko wote.

Ukweli ni kwamba Bertilla hakuwa mzito wa miguu. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, lakini kila asubuhi alitembea kutoka Katandala katika baridi ile inayouma masikio, na mfuko wa kilo kumi aliuinua kama mtu anayempakata mjukuu. Kilichomchelewesha ni kusoma. Kila mfuko alioushika aliugeuza, akasoma jina, akasoma uzito, akasoma tarehe, akasoma hata yale maandishi madogo ya chini ambayo pengine aliyeyaandika mwenyewe hakutarajia yasomwe. Midomo yake ilichezacheza kama ya mtu anayesali rozari.

Hakuweza kuacha. Alijifunza kusoma akiwa na miaka thelathini na tisa, katika darasa la jioni la parokia, amekaa kwenye kiti cha watoto wa chekechea, magoti yanakaribia kidevu. Kabla ya hapo alikuwa mpepetaji. Katika uwanja wa nyuma wa ghala hilohilo wanawake hukaa chini juani, hupepeta mahindi na ulezi kwa ungo kutwa nzima, vumbi likiwaingia puani. Siku moja msimamizi wa zamani, marehemu Maximilian, alitoka na karatasi ya oda mkononi akawauliza wapepetaji kwa mzaha, "Nani hapa atanisomea hii? Miwani nimeisahau nyumbani." Wote wakaangua kicheko. Bertilla alisimama, akajikung'uta makapi, akaisoma yote, mistari kumi na saba, pamoja na jina la aliyetia sahihi. Jumatatu iliyofuata aliingia ndani ya ghala kuwa mkusanyaji. Miaka kumi na mmoja ilikuwa imepita tangu siku hiyo, na mpaka leo hakuwahi kupita mbele ya andiko lolote bila kulisoma, hata kama ni tangazo la dawa ya mende.

Meneja mpya, Mbonile, alikuja kutoka Mbeya mwezi wa nane akiwa na masanduku mawili ya skana. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mpole wa sauti, shati limenyooshwa hata siku za vumbi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuta utaratibu wa zamani, mtu mmoja na duka moja: unapewa karatasi ya duka, unazunguka ghala zima na toroli mpaka karatasi iishe, kisha unachukua ya duka jingine.

"Mnatembea kilomita kumi na mbili kwa siku," aliwaambia, "na nusu ya hizo mnarudia njia ileile."

Hapo hakukosea, na Bertilla, ambaye nyayo zake zilijua kila kilomita, alikubali kimoyomoyo. Mbonile akaligawa ghala safu kwa safu, A hadi H, kila mtu na eneo lake. Oda za maduka mengi zikachanganywa, ili ukifika kwenye rafu uchukue kwa mara moja ya maduka yote. Skana ndiyo iliyoongoza. Ilikuandikia namba ya rafu. Ulielekeza mwanga wake mwekundu kwenye stika ya rafu, na ikilia na kuwaka kijani, basi umefika mahali pake. Unachukua idadi uliyoambiwa, unabonyeza THIBITISHA, unakwenda mbele.

"Hamna haja tena ya kusoma wala kukumbuka," Mbonile alisema siku ya kwanza akitabasamu, kama mtu anayewatua wenzake mzigo.

Neno hilo lilimchoma Bertilla kama mwiba wa samaki kooni. Hakulisahau.

Jumatatu ya wiki hiyo, wiki ya pili ya Novemba, Mbonile aliwakusanya chini ya runinga. "Mikataba inaisha mwisho wa mwezi," alisema. "Ijumaa nitachukua wastani wa kila mtu, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana. Atakayefika mistari sitini kwa saa, anabaki humu ndani. Asiyefika nitampangia uwanjani. Simfukuzi mtu. Uwanjani nako kuna kazi."

Hakuna aliyemtazama Bertilla, na kwa jinsi hiyo wote walikuwa wamemtazama.

Kupitia mlango wa nyuma zilisikika nyungo zikipepeta, shaa, shaa, shaa.

*

Jumatano alasiri mvua ya kwanza ikaja. Wenyeji wa Sumbawanga wanaijua tabia yake: haipigi hodi, inakuja na upepo kutoka upande wa milima ya Lyamba lya Mfipa, na inapiga mabati kiubavu. Juu ya safu ya C paa lina mshono mbaya. Umezibwa kwa lami mara nyingi kuliko idadi ya mameneja waliopita, na kila mwaka mvua ya kwanza huufungua.

Wafanyakazi wa zamani hawangoji kuambiwa. Tone la kwanza likilia juu ya C, wanaacha walichoshika, wanauhamisha mzigo mahali pakavu palipo karibu. Mzigo huo huitwa mgeni. Aliyeuhamisha huandika kwa choki sakafuni mbele yake, MGENI, ili mtu asije akauchukua akidhani ni mwenyeji wa rafu hiyo. Kesho yake bati likikauka, yeyote anayeiona choki huurudisha mzigo kwao na kuyafuta maandishi kwa soli ya kiatu. Mambo yanaishia hapo. Hakuna aliyewahi kuyaandika popote.

Siku hiyo safu ya C ilikuwa na mbegu ya mahindi ya mlimani, mifuko thelathini na sita. Nafasi ilikuwepo kwenye safu ya E, rafu ya saba, mbele ya mbegu ya ziwani. Mifuko yote ilitoka kwa kampuni moja: kijani kilekile, gunzi lilelile la njano lililochorwa mbele, kilo kumi kwa kumi. Wakulima huzitofautisha kwa majina, ya mlimani na ya ziwani. Kwenye mfuko, tofauti iko nyuma, kwenye maandishi madogo.

Bertilla na wapakiaji wawili waliihamisha yote kabla haijalowa. Akatoa choki kwenye mfuko wa koti lake la kazi, akachuchumaa, akaandika MGENI kwa herufi kubwa. Kisha akainuka, na skana iliyoning'inia kiunoni ikampiga pajani. Sheria ya Mbonile ilisema kila mzigo unaohamishwa uandikishwe kwenye mashine. Bertilla aliitazama.

"Wewe hujanyeshewa," aliiambia, akaiacha hivyo hivyo.

Alhamisi alipangwa safu ya A kutwa nzima, kwenye sabuni na mafuta. Hakujua kwamba asubuhi na mapema Mbonile aliwapa wapakiaji ndoo na mafagio waisugue sakafu. Mbonile hakupenda choki. Alikuwa amechora mistari mizuri ya njano ya kuongoza matoroli, na maandishi ya choki machoni pake yalikuwa uchafu tu.

Jioni, baada ya ugali na dagaa wa Kipili, binti yake alimwambia, "Mama, siku moja tu. Acha kusoma siku moja. Fuata mlio."

"Lydia, unajua unachoniambia?"

"Najua. Na najua uwanjani kulivyokukohoza."

Bertilla alipiga magoti kando ya kitanda. Alisali salamu zake zote, akawataja wagonjwa wa jumuiya, akamtaja marehemu mume wake, kisha akaongeza kwa aibu kidogo: "Na, Bwana, nipe mistari sitini. Sitaomba kingine wiki hii."

*

Ijumaa alifuata mlio.

Aliingia saa mbili kasoro, akafunga kitenge kiunoni, akachukua skana namba tisa, na hakugeuza mfuko hata mmoja. Mwanga, mlio, kijani, THIBITISHA. Mwanzoni macho yalimwasi, yakawa yanateleza kwenda kwenye maandishi, naye akawa anayavuta kama anayemvuta mbuzi kutoka kwenye shamba la jirani. Ilipofika saa tatu alikuwa na hamsini na nne. Saa nne na nusu, hamsini na tisa.

"Mama mkubwa!" Meshack alipiga kelele kutoka safu ya F. "Umekula nini leo? Niachie na mimi!"

"Nimekula pembe zako."

Saa tano na nusu jina lake lilikuwa la saba kutoka juu. Sitini na tatu. Aliiona namba hiyo kwa pembe ya jicho, na moyo ukamdunda kwa furaha ya kitoto. Amenipa, aliwaza. Ameongeza na tatu za juu.

Hapo skana ikampa mistari minane mfululizo ya rafu moja: E-7, mbegu ya ziwani, maduka manane ya mwambao wa ziwa, kuanzia Kipili. Mifuko thelathini kwa jumla. Mistari minane bila kuhama hatua! Lori la mzee Yusto lilikuwa limeshageuza mgongo kwenye jukwaa la kupakilia, injini inanguruma, lilitakiwa kuondoka saa sita kamili.

Bertilla alifika E-7 na kutazama sakafu. Safi. Hakuna choki, basi mgeni amerudi kwao. Ndivyo miaka kumi na mmoja ilivyomfundisha. Akaelekeza mwanga kwenye stika. Mlio. Kijani. Akapakia mifuko kumi na mitano, akaisukuma hadi kwenye jukwaa, wapakiaji wakaipokea. Akarudi, akapakia kumi na mitano mingine. Alipofika jukwaani toroli likagonga ukingo, na mfuko wa juu ukaporomoka, ukaanguka kifudifudi mbele ya miguu yake, mgongo juu.

Aliinama kuuokota, na kabla hajayafumba macho, yalikuwa yameshasoma.

*Inafaa nyanda za juu zenye baridi. Huvunwa baada ya miezi saba.*

Aliusoma tena. Akageuza wa pili, wa tatu, wa nne. Nyanda za juu. Nyanda za juu. Nyanda za juu.

Alielewa yote kwa mara moja: mvua, choki, sakafu iliyosuguliwa, na mkono wake mwenyewe ulioihamisha. Alitazama saa ya ukutani. Dakika ishirini na tano. Hakuna mtu aliyeona. Mashine ilikuwa imewaka kijani mara nane, na kijani hicho kimeshaandikwa. Mahindi hayasemi siku yanapopandwa. Kule joto la ziwa lilipo, mbegu hii ingeota vizuri, ingerefuka, ingewapa watu majani ya kujivunia mpaka mwezi wa pili. Halafu ingewapa magunzi yenye punje za kuhesabika. Na wakati huo nani angekumbuka ni nani aliyesukuma toroli?

Mimi, aliwaza. Na yule niliyemwomba jana.

"Bwana," alisema polepole, "ulinipa sitini na tatu. Nimezirudisha."

Kisha akapaza sauti kama anayeita ng'ambo ya mto. "Mzee Yusto! Zima gari!"

Yusto, mzee wa Namanyere aliyeendesha njia hiyo kabla haijajua lami, alichungulia dirishani. "Kuna nini, dada?"

"Zima kwanza, nitakwambia."

Injini ilinyamaza. Bertilla alipanda nyuma ya lori, akakaa juu ya mifuko ya kijani, akavuta kitenge chake magotini kama mtu aliyefika ukweni na hana haraka ya kuondoka.

Mbonile alitoka ofisini mbio, kalamu ingali mkononi. "Mama, nini tena? Shuka, gari linatoka saa sita."

"Halitoki."

"Halitoki kwa nini?"

"Hii ni mbegu ya mlimani. Inapelekwa ziwani."

Mbonile aliichukua skana namba tisa kutoka kwenye toroli, akaipekua kwa kidole gumba. "Mama, tazama mwenyewe. E-7, mara nane, kijani zote. Mashine imesema sawa."

"Mashine imesoma stika ya rafu. Mimi nimesoma mfuko."

Wakusanyaji walianza kusogea, mmoja baada ya mwingine, na kwenye runinga namba zao zikaanza kushuka. Mbonile aliona. Akasogea karibu na lori, akashusha sauti, na katika sauti hiyo kulikuwa na wema wa kweli. Wema huo ndio uliomtisha Bertilla kuliko hasira.

"Mama, una sitini na moja. Zimebaki dakika ishirini. Rudi kwenye safu yako, umalize, ubaki na kazi yako. Hili tutaliangalia Jumatatu."

"Jumatatu mbegu itakuwa ardhini. Mvua imenyesha, watu wamesimama na majembe mkononi. Unadhani watakungoja wewe uangalie?"

"Sasa mimi nifanye nini? Mfumo unaonyesha—"

"Bwana Meneja, mama yako analima wapi?"

Mbonile alisita. "Tukuyu. Kwa nini?"

"Mpelekee mbegu ya ziwani, apande kwenye baridi ya Tukuyu. Mwambie mashine imesema sawa."

Mtu mmoja nyuma aliguna. Mbonile aligeuka, akawatazama wote, uso umemwiva. "Nani aliweka mbegu ya mlimani kwenye safu ya E?"

Wapakiaji wawili waliangalia viatu vyao.

"Mimi," Bertilla alisema kutoka juu ya mifuko.

"Wewe?"

"Jumatano, mvua ilipovuja. Niliihamisha, na sikuiandikisha kwenye mashine. Niliidharau."

"Kwa hiyo kosa ni lako!" Mbonile alisema, na ilikuwa kana kwamba ametuliwa kitu. "Lako mwenyewe, mama."

"La kutoandikisha ni langu. Niliandika choki, na choki ikafutwa; hilo si langu. La kupeleka mbegu hii Kipili," akaupiga mfuko kwa kiganja, "halitakuwa la mtu yeyote, maana haiendi. Ukitaka iende, itakwenda na mimi hapa juu, nikamweleze kila mwenye duka njiani."

"Na mimi sitaki abiria mkali namna hiyo," mzee Yusto alisema. Alikuwa ameshuka, anauzungusha mfuko mmoja mikononi. Akamnyooshea Meshack. "We kijana, mimi macho yangu ya karibu yameisha. Nisomee hapa nyuma."

Meshack aliuchukua. Alisoma kimoyomoyo, kisha kwa sauti, neno kwa neno, mpaka kwenye miezi saba. Kicheko chote kilikuwa kimemtoka.

"Meneja," alisema, "mimi nina kidato cha nne. Na tangu hizi skana zije sijasoma mfuko hata mmoja humu ndani." Akaishusha skana yake sakafuni, akaruka juu ya lori. "Haya, mama mkubwa, sogea. Umekalia kazi."

Wakaishusha mifuko yote thelathini. Wapakiaji wawili walikwenda E-7 kuitoa ya ziwani iliyojificha nyuma, na safari hii kila mfuko uligeuzwa na kusomwa kwa sauti, na Yusto akiitikia "Haya!" kwa kila mmoja kama anayeitikia litania. Saa sita kamili Bertilla aliinua macho kwenye runinga. Jina lake lilikuwa limerudi chini. Hamsini na saba.

Lori liliondoka saa saba na robo.

*

Saa kumi Mbonile alimwita ofisini. Karatasi ilikuwa mezani, imeshachapwa.

"Saini hapa chini, mama," alisema bila kumtazama.

Bertilla aliketi, akaivuta karatasi karibu, akaanza kuisoma. Mbonile alibonyeza kalamu, akaibonyeza tena. Nje nyungo zilipepeta. Aliisoma mpaka mwisho, akarudi juu, akaisoma mara ya pili, midomo ikicheza.

"Ni aya mbili tu, mama."

"Nimeziona. Ya kwanza inasema nilihamisha mzigo bila kuuandikisha. Ni kweli. Ya pili inasema sijafikia kiwango, na nimekubali kwa hiari yangu kwenda uwanjani. Hiyo hiari mimi siijui, umeitoa wapi?"

"Ndiyo makubaliano ya Jumatatu. Sitini."

"Nilikuwa na sitini na tatu, mpaka niliposoma."

Alichukua kalamu. Aya ya pili akaipiga mstari, taratibu, ukanyooka kama wa rula. Chini yake akaandika kwa mwandiko wake wa darasa la jioni, herufi moja moja, kila moja imesimama kwa miguu yake: *Choki ilikuwepo. Sakafu ikaoshwa. Mbegu haikwenda.* Akatia sahihi, akaweka tarehe.

"Mama, huwezi kubadilisha barua ya ofisi."

"Basi andika nyingine, nitaisoma na hiyo." Alisimama. "Niliingia ndani ya ghala hili kwa kusoma, Bwana Meneja. Kwa kusoma sitoki. Jumatatu utanikuta safu ya E."

Njiani kuelekea Katandala alikaa kidogo kwenye jiwe. Hakuwa na hakika na lolote. Alisali huku akitembea, huku amekaa, na Jumapili alisali kanisani mpaka mlinzi akaanza kufunga madirisha.

*

Jumatatu alifika saa mbili kasoro, akachukua skana namba tisa. Hakuna aliyemzuia. Akaenda safu ya E, akaelekeza mwanga, skana ikalia, ikawaka kijani. Akauinua mfuko, akaugeuza, akausoma.

Ilipofika saa nne alitazama runinga, akadhani imeharibika. Meshack alikuwa na arobaini na nne. Aliyemfuata, arobaini na moja. Wote kumi na wawili walikuwa wamesongamana kati ya thelathini na tano na arobaini na nne, na ilikuwa vigumu kujua mkia uko wapi.

Mbonile alitoka ofisini. Alitembea polepole kwenye mstari wake wa njano mpaka safu ya F.

"Meshack, unaumwa?"

"Hapana, bosi. Nasoma." Kijana aliugeuza mfuko wa mbolea, akainua kidole aachwe amalize. "Hii inasema isikae juani. Ulikuwa unajua? Mimi sikuwa najua."

Mbonile alipita safu ya G, akapita H. Kila mahali mifuko ilikuwa inageuzwa. Bertilla alimtazama akirudi mpaka E-7. Meneja akasimama, akachukua mfuko mmoja wa kijani kutoka mbele, na mwingine kutoka rafu ya C ng'ambo. Akaweka nyuso zake pamoja. Sawa kabisa. Akaigeuza. Alikaa nayo muda mrefu kuliko maandishi yale yalivyohitaji.

"Mama yangu," alisema hatimaye, kama anayeongea na mfuko, "nilimpigia simu Ijumaa. Alicheka mpaka akakohoa. Akaniambia, mwanangu, huko umekwenda kufundisha au kujifunza?"

Bertilla aliendelea kusoma mfuko wake. Si kila mlango unaofunguka unafaa kusukumwa.

"Sitini nimeifuta," Mbonile alisema. "Nitatafuta namba nyingine, nikiwa nimehesabu na muda wa kusoma ndani yake. Mkataba utausaini mwisho wa mwezi, kama wenzako."

"Nitausoma kwanza."

"Najua," alisema, na kwa mara ya kwanza alitabasamu kama aliyeshindwa bila kuumia.

Tone likalia juu ya safu ya C. Likalia lingine. Kisha upepo ukalipiga bati, na mvua ikaja yote. Bertilla aliacha alichoshika. Meshack akaacha, wapakiaji wakaacha, na meneja, baada ya kusimama kidogo asijue miguu aipeleke wapi, akakunja mikono ya shati lake lililonyooshwa, akapokea mfuko. Mzigo wote ukavuka hadi E, mkavu.

Bertilla aliishika skana iliyoning'inia kiunoni mwake, akaitazama, akamwonyesha meneja. "Haya. Hii nayo inaambiwaje kwamba mgeni amekuja?"

Mbonile alimwonyesha. Vibonyezo vitatu. Bertilla alivifuata, akasoma kila neno lililotokea kabla ya kubonyeza. Ikalia.

Kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa kipande cha choki, akampa.

"Na mimi?" Mbonile aliuliza.

"Na wewe. Sakafu ni yako."

Alichuchumaa katikati ya mistari yake ya njano, akaandika. Bertilla aliinamisha kichwa, akasoma, hakuridhika.

"Kubwa zaidi, Bwana Meneja," alisema. "Aisome hata anayekimbia."